Ruhusa Niliyoitoa Mwenyewe

Kabula mwanangu,

Umeondoka na baba yako kwenda Misungwi kumuaga bibi, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimejaribu kukaa barazani, nimeshindwa. Nimeingia jikoni, nikafunua sufuria ya dagaa, nikaifunika bila kuonja. Begi lako nimelifungua nikazikunja upya nguo zako, na ulikuwa umezikunja vizuri kuliko mimi. Mwishowe nimekaa mezani na kalamu. Nikiandika kwenye kompyuta nitafuta na kurekebisha mpaka basi lako la kesho livuke mpakani Sirari.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji, wala za wezi wa stendi, wala namna ya kuishi na mwenye nyumba. Hayo bibi yako atakuwa ameyamaliza, na yatakayobaki shangazi zako watakupigia simu. Mimi nina jambo moja tu. Siku ile barua ya Ochieng ilipofika ya kukuita kazini kwake Kisumu, uliniuliza, "Mama, unaniruhusu?" Nikakujibu, "Wewe ni mtu mzima." Ukaniangalia kidogo, halafu ukaenda kuosha vyombo. Wote wawili tulijua kwamba hilo halikuwa jibu.

Kisa cha mimi na Ochieng unakijua, lakini ulikisikia vipande vipande, vingi kupitia mlango uliofungwa, na mimi nikiwa nimekasirika. Unakwenda kufanya kazi na mtu ambaye kwa miaka mingi jina lake halikutajwa mezani kwetu. Nataka uende ukiwa umesikia yote, tena kwa utaratibu.

Nilikuja hapa mjini Mwanza nikitokea Misungwi, nikasomea uhazili pale Nyamagana, katika chumba chenye taipureta zilizolia kama mvua juu ya bati. Nilitaka kuwa katibu wa bosi fulani mkubwa, nivae viatu virefu. Badala yake nikapata kazi katika hospitali moja ya misheni kando ya ziwa. Kompyuta zilipoletwa pale, walitafuta mtu anayejua kuchapa bila kutazama vidole. Wakanikuta mimi.

Programu waliyoninunulia ilitoka nje ya nchi kupitia wakala mmoja wa hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kuingiza habari za wagonjwa: jina, kijiji, aliumwa nini, alipewa nini. Nilichapa mafaili ya miaka yote. Nilipomaliza, yale ya karatasi yakapelekwa stoo, na huko mchwa wakayafanyia karamu. Hakuna aliyejali. Si tulikuwa na mashine?

Asubuhi moja nikawasha, kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba muda wetu wa kutumia programu umekwisha. Nikapiga simu kwa wakala, haikuita. Nikatuma mtu ofisini kwake, akakuta kinyozi amepanga chumba kile. Tukawa tumefungiwa nje ya mafaili yetu wenyewe, na ufunguo uko kwa mtu asiyejulikana aliko.

Siku hiyohiyo akaletwa kijana mvuvi kutoka kisiwa cha Irugwa, jina lake Mafuru. Alikuwa anaungua homa, hajitambui, na wenzake waliomleta hawakuwa ndugu zake, walikuwa wa kambi moja tu. Sista Agripina, yule muuguzi mkuu, mtawa mfupi wa Kihaya mwenye sauti ya kamanda, alimtazama akasema, "Huyu alishalazwa hapa. Kuna dawa ilimdhuru. Minza, tafuta."

Nikamwambia mashine haifunguki.

"Wewe si ndiye uliyeandika habari zake?"

"Nimeandika za maelfu, Sista. Sikumbuki."

Alisimama mbele ya kile kioo kana kwamba kitamwonea aibu. Daktari naye hakuweza kungoja, akampa sindano aliyoona inafaa. Ndiyo ileile iliyomdhuru mwanzo. Kijana akavimba uso, akavimba ulimi, akaanza kukoroma kama mtu anayezama. Walimpigania mpaka jua likazama, na Mungu akasaidia, akapona. Lakini nilikuwa pale mlangoni nikimtazama, na najua jinsi ilivyobaki kidogo tu.

Baadaye Sista alinikuta nimekaa ofisini mbele ya kioo kilekile. Hakunilaumu. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Minza, habari za yule kijana ni zake, ni zetu, au ni za mwenye hii mashine?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Mwanangu, watu huniuliza kwenye mikutano niliwezaje kuanza, wakitaka niseme nilikuwa na kipaji. Sikuwa nacho. Nilikuwa na hasira, basi, na swali la Sista lisilotoka kichwani.

Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyefundisha hesabu sekondari ya jirani alinisikia nikilalamika, akaniletea sidii. Ndani yake kulikuwa na programu za kila aina, na mwanzoni kabisa pameandikwa kwamba mwenye kuipokea anaruhusiwa kuitumia apendavyo, kuisoma ndani ilivyoandikwa, kuibadili, na kumpa jirani yake. Nilimrudishia nikamwambia hii ni ya wizi, itatuponza. Akacheka sana. "Ni programu huria," akasema. "Walioitunga wametaka hivyo. Wamekuachia mlango wazi makusudi." Nikaichukua tena, lakini kwa wiki nzima niliificha chini ya kitambaa.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza: kwa kufumua kazi za watu nisiowajua, kama mtu anayejifunza kusuka kwa kufumua kikapu cha mwenzake kisha kukisuka tena. Nilikosea mno. Kuna wakati nilifuta kazi yangu yote kwa amri moja niliyoiandika mwenyewe, nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe na kulia. Baba yako, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa injini za vivuko na mchumba wangu, alinikuta pale.

"Umefiwa?" akaniuliza.

"Nimefuta programu."

Akafikiri. "Injini ikifunguliwa mara ya pili, mtu anaifunga haraka zaidi," akasema. "Ingia ndani."

Na kweli, mara ya pili niliandika vizuri zaidi. Nikaiita Mwalo, kwa sababu mwaloni ndipo kila mtumbwi unapotia nanga bila kuulizwa umetoka wapi. Iliandikwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ilikubali kompyuta kuukuu, haikuhitaji mtandao. Wavuvi wanahama na samaki, leo Irugwa, mwezi ujao Ukerewe, mwezi mwingine ng'ambo ya Sengerema. Hivyo habari zao nazo zilisafiri: muuguzi alizinakili kwenye flashi, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akampa nahodha wa boti ampelekee muuguzi wa zahanati nyingine. Mafaili yalivuka ziwa kama barua. Na juu kabisa ya Mwalo niliandika leseni yangu kwa Kiswahili: mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuibadili na kuisambaza, mradi naye awaachie wengine ruhusa hiyohiyo. Nilikuwa na mimba yako. Ulipozaliwa, mvua ilinyesha mpaka barabara ya Misungwi ikakatika, ndiyo maana ukawa Kabula. Toleo la kwanza nililitoa ukiwa unanyonya.

Nimeinuka kidogo kufunga madirisha. Wingu limetanda upande wa ziwa. Natumaini baba yako hatakimbiza pikipiki.

Ochieng aliingia maishani mwetu kwa barua pepe. Alikuwa anatunza kompyuta ya zahanati moja ya mwaloni kule Rorya, kijana wa Kijaluo kutoka Shirati ambaye sikuwahi kumwona. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nashukuru kwa Mwalo. Ila wagonjwa wote wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa, programu yako inawafanya wazaliwe Januari mosi. Hapa kwetu kijiji kizima kimezaliwa siku moja. Nimerekebisha, naambatisha." Nilicheka peke yangu mpaka nikafuta machozi kwa khanga. Nikaisoma kazi yake. Ilikuwa safi kuliko yangu.

Kwa miaka mingi tuliandika pamoja, yeye kule, mimi hapa. Alikuwa akija Mwanza analala kwa mjomba wake Buzuruga, asubuhi yupo kwetu, anakunywa chai na mihogo, anabishana na wewe kuhusu mpira. Zahanati zikaongezeka. Bukoba wakaichukua, Musoma wakaichukua, kisha ikavuka mpaka ikaenda Kenya na Uganda. Watu nisiowafahamu walinitumia marekebisho, na wengine maswali usiku na mchana. Ilikuja kampuni moja kutoka Dar ikitaka kuinunua na kuufunga mlango, nikakataa, na katika hilo sijajuta hata leo, ingawa baba yako alitazama nyumba yetu isiyo na dari akavuta pumzi ndefu. Nikaanza kuitwa mikutanoni, Nairobi, Kampala. Wakanipa jina: mama wa programu huria wa Kanda ya Ziwa. Nilivaa kitenge kizuri, nikapiga picha.

Ninachotaka kukuambia kiko hapo, Kabula, kwenye neno "mama". Nililipenda kupita kiasi.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la tatu? Ulikuwa na jino limelegea na ulitaka kunionyesha. Ulikuja mlangoni mara kadhaa, na kila mara nilinyoosha mkono bila kugeuka, maana yake subiri. Basi ukaenda kwenye kompyuta ya sebuleni, ukaandika barua kwa anwani ya watumiaji wa Mwalo: "Ndugu mtunzaji. Naripoti hitilafu. Mama hajibu." Na ile kompyuta yangu, niliyokuwa nimeifundisha kuwajibu watu wote papo hapo, ikakujibu: "Asante kwa taarifa yako. Tutaishughulikia mapema iwezekanavyo." Nilikuja kuikuta barua yako wiki moja baadaye, katikati ya barua za Bukoba na Kampala. Jino lilikuwa limeshang'oka, bibi ndiye aliyelitupa juu ya bati. Baba yako huisimulia kama kichekesho, na wewe hucheka pamoja naye. Mimi huinuka kwenda kutafuta chumvi.

Kwa hiyo usishangae ugomvi wangu na Ochieng ulianzia wapi. Nilikuwa nimegawa programu kwa watu wote, lakini mkononi bado nilikuwa nimeishika. Kila badiliko lilipaswa kupita kwangu. Watu walituma kazi zao nikazikalia. Wengine niliwajibu kwa maneno makali mbele ya wote, wakaondoka kimyakimya, na niliona wepesi kusema hawakuwa na moyo wa kazi.

Ochieng alikuja siku moja kutoka Shirati, bila taarifa, amebeba ile kazi aliyonitumia nikaikalia. Ulikuwa kidato cha pili, ndiye uliyemfungulia mlango na kumletea soda. Alitaka Mwalo iingie kwenye simu, kila mgonjwa awe na habari zake mwenyewe, tena kwa lugha ya kwao, Kijita, Kijaluo, Kisukuma.

"Dada Minza," alisema, "watu wanahama na samaki. Flashi haihami nao. Simu inahama nao."

"Simu inaibiwa," nikamwambia. "Simu anashika mume, anashika shemeji. Unataka siri ya mgonjwa ikae mfukoni mwa shati?"

"Tutaweka neno la siri. Nisaidie hapo, wewe unajua kuliko mimi."

"Kwangu haipiti."

"Tangu masika yaliyopita unaniambia nisubiri. Ungesoma basi, halafu ukatae."

"Ochieng, kama imekushinda kusubiri, anzisha ya kwako."

Akamaliza soda, akaweka chupa chini polepole. "Umesema wewe, dada," akasema. Akakuaga, akaondoka.

Na akaanzisha ya kwake kweli, ng'ambo ya mpaka, Kisumu. Aliichukua Mwalo yote, akaifanyia mabadiliko yake, akaiita Kivuko. Siku alipoitangaza, nilihisi kama mtu aliyekuta shamba lake linavunwa na mwingine mchana kweupe. Nikavaa, nikapanda bodaboda mpaka Nyamagana kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Nikamwekea mezani leseni ya Mwalo na maelezo ya Kivuko. Nikamwambia nataka kumshtaki mwizi.

Yule wakili alisoma taratibu, miwani puani.

"Mama, hii ameiandika nani?"

"Mimi."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Hapa unasema mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadili na kuisambaza, mradi naye awaachie wengine ruhusa hiyohiyo. Huyu bwana, naona, amewaachia. Na juu ya kila ukurasa wa kazi yake ameandika jina lako kwanza, lake linafuata. Sasa niambie, amefanya lipi ambalo hukumruhusu?"

Nikasema alikuwa kama mdogo wangu.

Akavua miwani. "Huna kesi, mama. Una hasira. Ya hasira sina sheria yake."

Niliteremka ngazi zile nikimtukana moyoni, na nilimtukana mwaka mzima. Mtu ni mwepesi kuwa huria wakati hakuna anayechukua kitu. Nilisema neno lile kwenye vipaza sauti vya Nairobi na Kampala, watu wakapiga makofi. Mtu mmoja alipolishika kama lilivyoandikwa, nikapanda ngazi kwa wakili.

Kuna jambo baya zaidi, na hili hukulisikia hata mlangoni. Kivuko ilipoanza, ilikuwa na kasoro ileile niliyoisema. Neno la siri lilikuwa dhaifu. Mama mmoja wa kambi ya uvuvi, mumewe alifungua simu yake akasoma habari za kliniki ambazo hakupaswa kuzisoma, na yule mama akapigwa, akakimbilia kwao. Habari zilinifikia. Dawa ya kasoro ile niliijua, ingenichukua siku chache kuiandika. Sikuandika. Nilikaa nikingoja Ochieng ashindwe, aje kuniomba. Nilikuwa sahihi, Kabula, tangu mwanzo nilikuwa sahihi kuhusu siri ya mgonjwa, na kuwa sahihi hakukumsaidia yule mama hata kidogo.

Miaka ilipita hivyo, ndipo ulipokuja likizo kutoka chuoni. Tulikuwa tunakula ugali na sato, baba yako akasema hospitali nyingine imehamia Kivuko. Mimi nikasema itawarudi, ile programu haina mlango wala komeo. Ukaweka tonge chini.

"Mama, komeo lipo sasa. Nimeliandika mimi."

Baba yako akatazama dirishani.

"Umemwandikia Ochieng?" nikauliza.

"Nimewaandikia wale akina mama. Nilisoma Mwalo ulivyofanya wewe kwenye mafaili ya wagonjwa wa kifua kikuu, nikaenda hivyohivyo. Si umesema kila mtu asome?"

Niliondoka mezani. Wewe ulidhani nimekasirika, na mimi nilikuacha udhani hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi. Ukweli ni kwamba nilikwenda chumbani nikaifungua kazi yako, nikaisoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa, kama nilivyozoea kuwatafutia watu makosa. Sikulipata. Nikaisoma tena, safari hii kwa raha tu. Ulikuwa umeandika kama anavyofunga mzigo mtu anayejua utabebwa na nani. Ilinipasa kutoka nikuambie palepale. Nilitoka nikakuuliza kama umefunga kuku.

Baada ya wewe kurudi chuoni sikutulia. Nikapanda meli mpaka Nansio, kutoka pale boti ya injini mpaka Irugwa, nikisingizia nakwenda kukagua kompyuta ya zahanati. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushona, juu yake wameweka chungu cha maua. Nje kwenye benchi walikaa akina mama wakingoja kliniki. Nikaketi karibu na mmoja, Mjita wa makamo mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ameshika simu yenye kioo kilichopasuka na midomo yake inatembea.

"Unasoma nini, mama?" nikamwuliza baada ya kusalimiana.

"Nasoma mimi."

"Unasoma wewe nini?"

"Najisoma mimi," akacheka. Akanionyesha. Ilikuwa kwa Kijita, sikuelewa yote, akanitafsiria kwa kidole. Hapa ni mimba ya kwanza, hapa ni yule aliyefariki, hapa wameandika dawa isiyonifaa. "Juzi nesi mgeni alitaka kunichoma ile," akasema. "Nikamwambia ngoja kwanza, soma hapa."

Nikamwomba nishike ile simu. Akasita, akaifunga kwanza kwa neno la siri, ndipo akanipa. Nikashika simu iliyofungwa, Kabula, yenye komeo lako, mkononi mwangu. Swali la Sista Agripina nililibeba miaka yote ile nikidhani nimelijibu kwa kulihamisha kutoka mikononi mwa wakala na kulileta katika mikono ya hospitali, na yangu. Huyu mama hakuwa analiuliza kabisa. Alijua ni za nani.

Nilirudi nikanyamaza, kiburi hakishuki kwa siku moja. Ulipita msimu mzima wa mvua kabla sijampigia Ochieng. Nilipopiga sikuomba hata radhi ipasavyo. Nilisema, "Tarehe za kuzaliwa kwenye Kivuko zina kosa kwenye Februari ya mwaka mrefu, umeliona?" Akasema hakuliona. Nikasema nimeandika marekebisho. Akasema, "Tuma, dada. Nitasoma kwanza." Akasoma kwanza kweli. Akanirudishia, akasema mstari mmoja nimeuandika kizamani. Niliukasirikia ule ujumbe mchana kutwa. Jioni nikaurekebisha mstari.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Unanijua, sijui kuhubiri, na mtu aliyefanya niliyoyafanya hana mimbari. Lakini unaenda kwa watu, na huko watakupenda kwa sababu una akili, na kupendwa kwa akili kunalevya kuliko pombe. Ochieng ni mtu mwema. Usimwabudu. Ikitokea siku amekuwa kama nilivyokuwa mimi, amekalia kazi za wenzake na kuziita zake, mwambie usoni, na asiposikia, ruhusa unayo, imeandikwa juu ya kila ukurasa. Chukua, nenda. Ila andika majina ya waliokutangulia, kama yeye alivyoandika langu siku ambayo sikustahili.

Na siku ikifika kijana fulani akaichukua kazi yako, akaifanya ambavyo wewe usingeifanya, utaumwa. Usiamini mtu anayekwambia haiumi. Itauma hapa kifuani, utataka wakili. Mpigie mama yako kwanza.

Mvua imeanza. Nimeinuka tena, nimerudi tena. Nimekuwa nikizunguka meza hii tangu mlipoondoka kwa sababu kuna kitu nilitaka kukifanya kabla hujarudi, na nilikuwa naogopa.

Nimekifanya. Nimewaandikia watumiaji wote wa Mwalo waliobaki, kwamba haitakuwa na toleo jingine. Nimewaeleza namna ya kuhamisha mafaili yao kwenda Kivuko bila kupoteza jina la mtu. Nimesema kazi yote ya zamani itabaki wazi, anayeitaka aichukue. Nilikaa na ule ujumbe mbele yangu, kidole juu ya kitufe, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikakaa. Halafu nikautuma.

Jibu la kwanza limetoka Bukoba, kwa nesi ambaye amekuwa akiniandikia tangu wewe ukiwa mdogo. Hakunisifu, hakunilaumu. Ameandika: "Shikamoo mama. Tumeelewa. Sasa tukikwama tumuulize nani?"

Kisha nimemjibu, nalo ndilo jibu ulilolingoja mpaka ukaenda kuosha vyombo. Nimemwandikia: "Marahaba. Kesho kuna binti anavuka mpaka kwenda Kisumu. Anaitwa Kabula, ni wangu, na nimemruhusu kwa moyo wote. Mkikwama mwulizeni yeye. Mimi nami nikikwama nitamwuliza yeye."

Mama yako,
Minza